Ndoo Nne za Achari na Wufa Moja

Kila Alhamisi, jua likiwa bado halijapanda vizuri, nyuma ya gari langu huingia ndoo nne. Tatu ni za achari ya embe, ya nne ni ya mabuyu. Ni ndoo za lita 20, zile za mafuta ya kupikia, na vifuniko vyake Mama huvifunga kwa nailoni na kamba kana kwamba zinakwenda Makka. Zinatoka jikoni kwetu Shela, Shela ya Malindi, si ile ya Lamu, na mwisho wake ni Marikiti, Mombasa, kwa mzee mmoja ambaye ananunua kwa Mama tangu mimi niko shule ya msingi. Ni kilomita 120 hivi, na matuta ambayo sijawahi kuwa na moyo wa kuyahesabu.

Nayataja matuta kwa sababu gari lenyewe ni Toyota Celica ya 2004. Milango miwili, tumbo liko chini, nyekundu iliyopaushwa na jua mpaka imekuwa kama ganda la kamba aliyechemshwa. Nililinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anafunga nyumba yake ya Casuarina arudi kwao. Watu wa mtaani walikuja kulitazama, wakaulizana linakimbia kiasi gani. Mama alilizunguka mara moja, akauliza, "Zaingia ndoo ngapi?"

Zikaingia nne, bila kukunja viti. Basi likapata radhi yake.

Sasa, Celica ina kila kitu ila besi. Spika zake za mlangoni zinaimba vizuri sauti za juu, lakini ukiweka taarabu unasikia kinanda, unasikia mwimbaji, na gitaa la besi limekwenda zake. Unajua lipo kwa sababu umelizoea, kama jino lililong'oka. Waya mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne unapigwa kwenye hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, na spika ya mlangoni ya inchi sita na nusu, iliyofungwa kwenye mlango unaovuja hewa kila upande, haifiki huko. Inajifanya inafika. Ukiongeza sauti, inachofanya ni kutetemesha plastiki.

Nilikosea kama wanavyokosea wengi: nilinunua sanduku lililokwisha tengenezwa. Wufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 12, sanduku lenye tundu la kutolea pumzi, limevishwa zulia jeusi, lita 60 kwa makadirio yangu. Lilikuwa na sauti, sikatai. Nilipita barabara ya Lamu mpaka daraja la Sabaki na kurudi, na moyo wangu ukaona raha. Alhamisi ikafika. Ikaingia ndoo moja. Mama akasimama barazani mikono kiunoni, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu kama hilo dude tutaliuza Marikiti kwa kilo au kwa rejareja.

Kwa wiki sita nilikuwa nalitoa kila Jumatano usiku na kulirudisha kila Ijumaa. Mgongo wangu ndio uliotoa uamuzi.

Nikaanza kutafuta njia nyingine. Kuna wufa bapa za kuweka chini ya kiti, zenye ampu yake, mashine ya kukuza sauti, ndani. Rafiki yangu mwenye Probox anayo na inamfaa. Kwenye Celica, kiti kimekaa karibu na sakafu kiasi kwamba hata kandambili ikiteleza humo kuitoa ni kazi. Hiyo ikafa hapohapo.

Halafu kuna shimo la spea. Hapa nilikaa na kufikiri sana, kwa sababu ndilo jibu ambalo kila mtu hukupa: toa spea, jenga sanduku la mviringo, funika kwa zulia, hakuna atakayejua. Wasemao hivyo hawajapata pancha usiku kati ya Matsangoni na Kilifi. Zipo hata wufa zilizotengenezwa kukaa ndani ya tundu la rimu ya spea yenyewe, kwamba hupotezi chochote. Sawa. Lakini nilipiga picha ya kazi hiyo akilini: gizani, kando ya barabara, malori yanapita, natoa ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nainua zulia, nafungua wufa, nang'oa waya, ndipo nishike spea. Hapana. Spea ibaki spea.

Nifungue mabano hapa niseme kidogo kuhusu hewa, maana nilipoielewa ndipo nilipoacha kutupa pesa.

Wapigaji wa chakacha walilijua jambo hili kabla spika haijazaliwa. Chapuo ni ngoma ndogo, inaongea, unaisikia kwa sikio. Vumi ni kubwa, haiongei sana. Ile unaisikia kifuani, na wala huwezi kuonyesha kwa kidole inatokea upande gani. Wufa ni vumi. Chini ya hezi 80 hivi, sikio la binadamu linashindwa kujua sauti imetoka wapi. Faida yake ni kubwa: wufa si lazima ikuangalie. Unaweza kuificha pembeni, nyuma, kwenye kona, na utadhani gitaa la besi liko mbele pamoja na mwimbaji.

Tatizo ni kwamba wufa inaposukuma hewa mbele, kwa wakati huohuo inaivuta nyuma. Mawimbi haya mawili yakikutana yanafutana. Ndiyo sababu ya sanduku: kumfungia mmoja ndani ili mwenziwe asikike. Zamani masanduku hayo yalikuwa makabati. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Edgar Villchur, akaja na wazo la kuifunga spika ndani ya sanduku dogo lisilovuja kabisa, hewa ya ndani iwe ndiyo springi inayourudisha utando mahali pake. Makabati yakageuka masanduku ya kuweka rafuni. Na baadaye Josef Anton Hofmann, ambaye ndiye ile herufi ya mwisho katika jina la kampuni ya spika ya KLH, aliweka sharti ambalo mafundi hulitaja mpaka leo: kuna besi inayoshuka chini sana, kuna sauti kubwa kwa umeme kidogo, na kuna sanduku dogo. Utachukua mawili. La tatu utaliacha.

Mimi nina ndoo nne. Sanduku dogo halina mjadala. Na taarabu bila hezi 41 sitaki. Kwa hiyo kilichobaki cha kutoa ni umeme, na umeme siku hizi ni rahisi: ampu za aina iitwayo daraja D ni ndogo kama Msahafu wa mfukoni na hazichemki sana.

Halafu kuna zawadi ambayo wenye magari madogo hawaijui. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6, maana sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, nawe unagawanya. Celica yote, pua hadi mkia, ni mita 4.3 hivi. Wimbi ni refu mara mbili ya gari! Halina pa kunyooka. Sasa wufa haipeleki tena mawimbi kwenda na kurudi; inaibana na kuiachia hewa yote ya ndani kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli. Matokeo yake, kadiri unavyoshuka chini, gari lenyewe linakuongezea sauti bila malipo. Na chumba kikiwa kidogo, msaada huo unaanza mapema zaidi. Mwenye basi hana bahati hii. Sanduku lililofungwa huanza kupoteza nguvu kule chini palepale ambapo gari dogo linaanza kuzirudisha. Kwa hiyo lile sanduku la lita 60 nililolibeba wiki sita sikulihitaji hata siku moja.

Ya moshi nayo niyaseme haraka, kwa kuwa hayanifurahishi. Waya za ampu ya kwanza nilifungiwa na fundi wa redio ambaye simtaji. Kijana mchangamfu, kila nilichouliza alimjibu kaka yangu. Fyuzi kubwa ya waya wa betri aliiweka nyuma, karibu na ampu, kwa sababu huko ndiko inakoonekana vizuri. Na waya wenyewe aliupitisha kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na abiria bila kuutilia raba. Wiki mbili baadaye, karibu na njia panda ya Gede, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi upande wa abiria. Bati lilikuwa limeula waya mpaka ndani. Nilirukia boneti na spana namba 10, nikafungua betri, nikakaa kitako barabarani. Achari ilikuwa nyuma, salama. Ndilo swali la kwanza nililoulizwa nyumbani.

Fyuzi ile haiwekwi kuilinda ampu. Ampu ina fyuzi yake. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ndiyo maana inatakiwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ikikaa nyuma, mita nne za waya zinalala ndani ya gari lako na nguvu yote ya betri, bila wa kuzizuia. Nilipoukata ule waya ulioungua nikauparuza kwa kisu, chini ya rangi ya shaba ilikuwa aluminiamu. Kwa hewa yetu ya chumvi, aluminiamu kwenye maungio inageuka unga mweupe mapema mno. Paruza kabla hujanunua. Muuzaji akikasirika, toka.

Kitu kingine cha kukagua dukani: usisome watt zilizoandikwa kwenye boksi kwa herufi za moto. Tazama fyuzi ya ampu. Ampu yangu ya pili imeandikwa 1200, na fyuzi yake ni ya ampea 25. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, unapata 345 zinazoingia; sehemu yake inageuka joto, zinabaki kama 270 za kazi. Zinatosha sana kwa sanduku dogo ndani ya gari dogo.

Mahali penyewe nilipaona siku nilipong'oa plastiki ya pembeni kutafuta mwiko wa Mama uliopotea. Kati ya gurudumu la nyuma na taa kuna pango. Upande wa kushoto ndiko nilikokuwa naweka jeki. Upande wa kulia hamna kitu, ila vumbi, mwiko, na hewa. Nikaingiza mkono mpaka begani. Sikulala usiku ule.

Lakini pango halina hata upande mmoja ulionyooka. Seremala wawili niliowaendea walitaka kunitengenezea sanduku la pembe nne ambalo lingeingia nusu, nusu nyingine ikae juu ya ndoo. Wa tatu akaniambia kwa unyonge, "Dada, hiyo si kazi ya mbao. Hiyo ni kazi ya chombo." Nikaelewa. Nikateremka ufukoni kwa mafundi wa boti.

Malindi ina watu wanaoshona faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, tangu boti za uvuvi wa kitalii zianze kupasuka matumbo kwenye miamba. Mkubwa wao pale sote twamwita Ami. Nilimkuta chini ya hema la turubai, anakwangua ubavu wa boti.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, binti yangu. Hilo gari limezama au ndivyo lilivyozaliwa?"

Nikamwonyesha pango. Akalala kifudifudi ndani ya buti, miguu nje, akawa kimya muda mrefu. Alipotoka aliuliza swali ambalo hakuna fundi wa redio aliyeniuliza: "Haya matundu ya huku chini, yenye vipande vya raba, ni ya nini?" Ni matundu ya kutolea hewa. Ukifunga mlango, hewa ya ndani inatokea hapo. Ukiwasha feni, vilevile. Ukiyaziba, milango inagoma kufunga na mvua za masika vioo vinajaa ukungu. Nilikuwa sijayaona. Akachora kwa chaki mstari ambao faiba haitauvuka.

Akataka kujua chombo chenyewe kiwe cha lita ngapi. Karatasi ya wufa niliyonunua, ya inchi 10, ya aina fupi isiyo na mgongo mrefu, ilisema lita 14 mpaka 18 kwa sanduku lililofungwa. "Basi dogo," akasema. "Hiyo kwangu ni sanduku la barafu."

Kazi ilichukua siku tatu, zote baada ya alasiri. Resini inachanganywa na hadena kidogo, asilimia moja au mbili, kisha inaanza kuganda yenyewe kwa joto lake; na saa sita za mchana Malindi inaganda ndani ya kopo kabla hujageuka. Siku ya kwanza alifunika bati la pango kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, akaweka nailoni, akapaka mafuta mazito ya kujipaka ili isigande kwenye gari. Kisha mkeka wa faiba, vipande vidogovidogo, resini kwa brashi, kubonyeza hewa itoke, kipande kingine. Tabaka mbili. Siku ya pili alilibandua lile ganda, likatoka kama ganda la yai la mnyama asiyejulikana, akaongeza tabaka nne kwa nje.

Kwa uso wa mbele nilikuwa nimeleta mbao ya MDF, ile ya unga wa mbao uliogandishwa, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Ami akaivunja kona moja akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tulipomaliza chai ilikuwa imevimba kama mkate uliosahaulika kikombeni. Akakata pete ya plaiwudi ya boti. Kati ya pete na ganda kulihitajika kitambaa cha kuvutwa kisha kulowekwa resini. Nikampa leso kuukuu, akaikataa, leso haivutiki. Fulana mbili za kaka yangu zikaenda. Bado hajui.

Nilichokipenda zaidi ni namna alivyolipima. Mimi nilikuja na maelezo marefu ya sabuni na mshumaa wa kutafuta mahali panapovuja. Yeye aliligeuza sanduku tundu juu, akachukua ndoo ya lita 20 iliyojaa, akamimina mpaka mdomoni, akatazama kilichobaki. Lita tatu. "Kumi na saba. Nayo wufa yako itakula moja na nusu hivi." Kisha akaliacha na maji yake usiku kucha juu ya karatasi kavu za gazeti. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Akaligonga kwa kifundo cha kidole huku na huku kama mtu anayechagua tikiti, mahali pamoja hakuparidhia, akaongeza mkeka. Faiba inayolia ukiigonga italia na wufa pia.

Ndani nilitia pamba ya mto ya poliesta, kiasi, isibanwe. Pamba hubadilishana joto na hewa inapobanwa, na sanduku likadhani ni kubwa kuliko lilivyo. Ami alishauri sufi, kwa kuwa anayo kwenye mito yake. Nilijaribu, ikajikunyata chini kama paka baada ya wiki moja. Sanduku likafungwa kwa bolti tatu kwenye chuma cha bodi, si kwenye plastiki, na mbele ya wufa kukawa na wavu wa chuma. Wavu huo ni wa ndoo. Mpini wa ndoo ukitoboa utando wa wufa hakuna wa kumlaumu. Waya mara hii ni shaba tupu, fyuzi inaonekana ukifungua boneti, na waya wa athi umeshikizwa mahali nilipoondoa rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, kisha nikapaka grisi juu yake kwa ajili ya chumvi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni harufu. Resini hunuka kwa siku nyingi, na Mama alikataa katakata achari yake ipande humo. Alhamisi mbili tulikodi nafasi kwenye matatu. Gari likakaa juani milango wazi, kuku wakalala ndani.

Kulirekebisha sauti nilitumia jioni moja, nimeegesha kuelekea bahari. Kichujio, kile kinachoiachia wufa sauti za chini tu, nikakiweka hezi 80. Kile kitufe ambacho wengi hukigeuza mpaka mwisho wakidhani ni cha kuongeza sauti, mimi nilikigeuza kidogokidogo mpaka gitaa la besi likaacha kutokea nyuma likakaa mbele. Nikageuza swichi ya fezi, ile inayoamua wufa ianze kwa kusukuma au kwa kuvuta, nikarudisha, nikageuza tena. Upande mmoja besi inanyauka, upande mwingine inajaa. Nikaacha ilipojaa. Bamba la nambari ya gari likawa linalia kama kijiko kikombeni, nikaliwekea sponji nyuma. Likawa limekwisha. Ninapopita msikitini nazima. Lile la inchi 12 lilikuwa linasikika kwa majirani kuliko kwangu. Hili linasikika kwangu.

Alhamisi iliyofuata nikafungua nyuma mbele ya Mama. Ndoo nne zikaingia, sakafu tambarare, spea chini yake. Akaingiza kichwa, akagonga plastiki ya kulia kwa kidole, akasikia imejaa. Akavuka upande wa kushoto, akagonga pia. Ikalia tupu.

"Na huku umekuachia nani?"

Nikamwambia kuna jeki. Akaenda jikoni. Aliporudi jeki ilikuwa tayari imehamia chini ya miguu ya abiria, sijui kwa amri ya nani, na yeye anapanga chupa za pilipili ya ndimu pangoni, moja baada ya moja, akizitenga kwa magazeti. Zikaingia kumi na moja. Ya kumi na mbili aliishika mkononi, akaitazama, akalitazama pango.

"Yule Ami wako," akasema, "leo yupo?"